Kukawia na Kuchelewa: Istilahi za Muda katika Mitandao ya Ndani ya Magari

Katika kazi ya kufasiri maandishi ya ufundi, aghalabu maneno yanayotuponza si yale magumu ambayo kila mtu huyaogopa, bali ni yale mepesi ambayo kila mtu hudhani anayajua. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuletewa, ili aisahihishe, tafsiri ya kitabu cha mafunzo ya umeme wa magari. Humo mlikuwa na sentensi hii: "Mtandao huu una ucheleweshaji uliohakikishwa." Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo atadhani kwamba mtengenezaji wa gari anajigamba kuwa kila ujumbe wake utacheleweshwa bila kukosa. Kurasa chache mbele, yumkini mfasiri mwenyewe aliona kuwa sentensi yake inachekesha, basi akaandika "kasi iliyohakikishwa". Hapo kosa lilizidi kuwa baya, maana halikuchekesha tena, na kosa lisilochekesha hupita mikononi mwa mhariri bila kuonekana.

Ili tuone kilichopotea hatuna budi kwanza kueleza jambo lenyewe. Gari la siku hizi limebeba makumi ya kompyuta ndogo ambazo tutaziita vidhibiti: kimoja cha injini, kingine cha breki, kingine cha usukani, na kadhalika. Vidhibiti hivi havifanyi kazi kila kimoja peke yake, bali hupelekeana habari kwa waya. Rada iliyo mbele ya gari ikiona kizuizi, hupeleka ujumbe kwa kidhibiti cha breki. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde moja. Kwa hiyo, ujumbe ukitumia milisekunde 10 kufika, gari litakuwa limesogea sentimita 28 hivi. Ukitumia milisekunde 100, limesogea karibu mita 3, na mita 3 zaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusimama na kugonga. Mhandisi wa breki haulizi ujumbe hufika upesi kiasi gani katika siku ya kawaida. Swali lake ni hili: katika hali mbaya kuliko zote, vidhibiti vyote vitakapotaka kusema kwa wakati mmoja, ujumbe huu utatumia muda gani, usiozidi kamwe?

Swali hilo lina mambo mawili ndani yake, na Kiswahili kina vitenzi viwili vya kuyatenga, ingawa katika mazungumzo ya kila siku twavichanganya. Kukawia ni kutumia muda. Kuchelewa ni kupitwa na wakati uliowekwa. Asili ya kuchelewa ni kile kitenzi cha alfajiri, kucha: aliyechelewa ni yule ambaye kumemchea, yaani jua limemtangulia. Ndani ya neno hilo, basi, mna saa iliyopangwa na mtu aliyeikosa. Kukawia hakuna saa ya namna hiyo. Methali zetu nazo zimelinda tofauti hii vizuri kuliko kamusi nyingi. Mtu huambiwa "kawia ufike", yaani tumia muda wako mradi ufike. Lakini yule wa chelewa chelewa huambiwa kuwa atamkuta mwana si wake. Wa kwanza amesamehewa, wa pili ameadhibiwa.

Kila ujumbe hukawia, kwa kuwa hakuna ujumbe unaofika bila kutumia muda. Si kila ujumbe huchelewa. Ujumbe uliopewa milisekunde 10 na kufika katika milisekunde 9 umekawia sana lakini haukuchelewa; uliopewa milisekunde 1 na kufika katika milisekunde 2 umekawia kidogo, na umechelewa. Kwa sababu hiyo twapendekeza neno "ukawio" litumike kwa muda ambao ujumbe huutumia tangu unapokuwa tayari kupelekwa hadi unapopokewa, na neno "uchelewaji" liachwe kwa kosa la kuuvuka wakati uliowekwa. Wakati huo uliowekwa tungependa uitwe "miadi" ya ujumbe, neno ambalo kila mtu analo tayari, na ambalo huambatana na kuchelewa bila kulazimishwa: ujumbe umechelewa miadi yake. Ama "ucheleweshaji", hilo ni tendo la mtu au kitu kumchelewesha mwingine, nalo halifai kabisa mahali hapa.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiseme "muda wa safari". Jibu liko katika waya wenyewe. Umeme hupita mita moja ya waya kwa muda wa nanosekunde 5 hivi, na waya za gari ni za mita chache tu. Safari, kwa maana halisi, haichukui kitu. Karibu ukawio wote ni kungoja: kungoja njia iwe wazi, kisha kungoja biti zote za ujumbe zipangwe moja baada ya moja kwenye waya. Neno litakalomfanya mwanafunzi afikirie mwendo litamfanya atafute tatizo mahali ambapo halipo. Istilahi ya Kiingereza, latency, nayo haitusaidii, kwani chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujificha. Atakayeifuata mzizi kwa mzizi atajikuta anaandika habari za mafichoni.

Sasa tuitazame mitandao yenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kubuni utaratibu wa mawasiliano ulioitwa CAN, na mwezi Februari 1986 ukatangazwa mbele ya wahandisi wa magari mjini Detroit, Marekani. Katika utaratibu huu vidhibiti vyote hushiriki jozi moja ya waya. Kiingereza huita njia ya namna hii kwa neno lile lile la gari la abiria, na wafasiri wengine wameandika "basi". Katika kitabu cha kompyuta neno hilo lingeweza kuvumilika. Katika kitabu cha magari latuletea basi ndani ya basi, na fundi hatajua lipi lina magurudumu. Sisi twasema "njia ya pamoja".

Kila ujumbe wa CAN huanza na namba yake. Vidhibiti viwili vikianza kusema kwa pamoja, kila kimoja hupeleka namba biti kwa biti huku kikisikiliza waya. Sifuri hufunika moja. Kidhibiti kilichopeleka moja kikasikia sifuri hutambua kwamba mwenzake ana namba ndogo kuliko yake, basi hunyamaza papo hapo, na yule mwingine huendelea bila hata biti moja kuharibika. Namba ndogo ndiyo yenye kipaumbele. Jambo hili limewahi kufasiriwa kuwa "usuluhishi", kwa kufuata neno la Kiingereza ambalo mahakamani lina maana hiyo. Lakini usuluhishi unataka msuluhishi, na hapa hayupo; hakuna anayeamua, wala hakuna anayepatanishwa. Ni mchuano, na "mchuano" ndilo neno tunalolipendekeza.

Uzuri wa mchuano wa namna hii ni kwamba ukawio wake wahesabika. Ujumbe wa CAN wenye namba ya biti 11 na baiti 8 za habari, ukijumlisha biti zote za ziada, hauzidi biti 135. Katika njia ya kilobiti 500 kwa sekunde, hizo ni mikrosekunde 270. Tuuchukue ujumbe ulio wa tatu kwa kipaumbele. Yaweza kutokea kwamba wakati unapokuwa tayari, ujumbe mwingine wa chini yake umekwisha kuanza kupita, na ujumbe ulioanza haukatizwi: utangoja mikrosekunde 270. Kisha wale wawili wa juu yake watautangulia: mikrosekunde 540. Hatimaye utapita wenyewe kwa mikrosekunde 270. Jumla ni mikrosekunde 1,080, yaani zaidi kidogo ya milisekunde moja, mradi wale wawili wa juu wasirudi tena katika muda huo, na waya usipate hitilafu. Hesabu hii yaweza kufanywa kwa kalamu kabla gari halijaundwa. Huo ndio uhakika ambao yule mfasiri wetu alikuwa akiutafutia neno.

Hata hivyo, hesabu yenyewe ina mtego, na kisa chake chafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa chaonyesha kwamba tofauti kati ya istilahi hizi si mchezo wa wanalugha. Mwaka 1994, Ken Tindell na Alan Burns wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, pamoja na wenzao, walitoa njia ya kuhesabu ukawio mkubwa kabisa wa kila ujumbe wa CAN. Njia hiyo ilipokewa vizuri, ikaingia viwandani, na ilitumika katika kuunda mtandao wa gari la Volvo S80 lililotoka mwaka 1998. Ilifuata wazo lililozoeleka tangu Liu na Layland walipoandika juu ya kompyuta mwaka 1973: kwamba hali mbaya kuliko zote ni pale ujumbe wote unapokuwa tayari kwa dakika moja, na kwamba anayengoja zaidi ni yule wa awamu ya kwanza. Akinusurika huyo, wote wanaofuata watanusurika.

Mwaka 2007, Burns huyo huyo, pamoja na Robert Davis, Reinder Bril na Johan Lukkien, walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba sivyo. Mfano wao ni mdogo kiasi cha kuweza kufuatwa ubaoni. Chukua ujumbe wa aina tatu, A, B na C, kwa mpangilio wa kipaumbele, kila mmoja ukihitaji milisekunde 1 kupita. A hurudi kila baada ya milisekunde 2.5; B na C kila baada ya milisekunde 3.5. C amepewa miadi ya milisekunde 3.25. Wote waanze pamoja. A hupita, B hufuata, kisha C huanza kwenye milisekunde ya 2 na kumaliza kwenye ya 3. Ukawio wake ni 3, miadi ni 3.25, hakuchelewa. Kwa hesabu ya zamani tungefunga daftari hapo.

Lakini tazama kilichotokea wakati C alipokuwa njiani. Kwenye milisekunde ya 2.5, A alirudi akaikuta njia imeshikwa, naye ingawa ni mkubwa hawezi kumkatiza aliyeanza. Akangoja hadi ya 3. C amemsukuma A mbele. Basi A akapita kati ya 3 na 4. Kwenye 3.5 wamerudi B na C wa pili. B akapita kati ya 4 na 5. Kwenye 5 A amerudi tena, akapita hadi 6. Ndipo C wa pili akapata nafasi, akamaliza kwenye 7. Alikuwa tayari tangu 3.5, kwa hiyo ukawio wake ni milisekunde 3.5, nao umeivuka miadi kwa robo ya milisekunde. C wa kwanza alikawia tu. C wa pili amechelewa, na aliyemchelewesha ni C wa kwanza mwenyewe kwa kumzuia mkubwa wake. Hapa kitenzi cha kuchelewesha kimepata mahali pake halali.

Kisa hiki chatupa sababu ya kuwa waangalifu na neno "kutabirika". Wengi hutaka kusema "mtandao wenye ukawio unaotabirika", na katika maandishi mepesi hakuna ubaya. Lakini kutabiri kwa Kiswahili ni kazi ya mtabiri wa mvua, na mtabiri wa mvua hukosea bila kushtakiwa. Mhandisi aliyepima mtandao wake mara elfu na kuona kuwa haukuzidi milisekunde 4 anatabiri. Aliyefanya hesabu na kuthibitisha kwamba hauwezi kuzidi milisekunde 5 ameweka kikomo. Kwa maana ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito katika breki na usukani, twapendekeza "ukawio wenye kikomo". Mtandao ambao ukawio wake ni milisekunde 1 kwa kawaida, lakini mara moja moja hufika 40, una kasi nzuri na haufai kwa breki; ule unaokwenda kati ya 4 na 5 siku zote waonekana mzito, nao ndio utakaochaguliwa. Hivyo neno "kasi" likiingia katika sentensi ya namna hii huigeuza maana juu chini.

Huko kupanda na kushuka kwa ukawio, ambako Kiingereza huita jitter, kumepewa majina kadhaa. "Mtetemo" ndilo linalopendwa, lakini katika gereji mtetemo ni wa injini, na hatuoni busara ya kumfanya mwanafunzi mmoja awe na mitetemo miwili. Twaona "myumbo" latosha: ukawio wa 4 hadi 5 una myumbo wa milisekunde 1.

Kuna njia nyingine ya kupata kikomo, nayo ni kuacha kushindana. Hermann Kopetz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna, Austria, walijenga mitandao ambamo kila kidhibiti kina nafasi yake katika ratiba, na husema saa yake inapofika, liwe lipo la kusema au halipo. Sisi tuna neno zuri tangu zamani: zamu. Twauita huu "mtandao wa zamu", na ule wa CAN "mtandao wa matukio". Katika mtandao wa zamu myumbo ni mdogo mno, lakini gharama yake ni kwamba zamu ya asiye na neno hupita bure, na kwamba saa za vidhibiti vyote sharti zilinganishwe daima. Utaratibu wa FlexRay, wa megabiti 10 kwa sekunde, ulioingia katika gari la BMW X5 mwaka 2006, ulichanganya yote mawili: sehemu ya kila duru ni ya zamu, na sehemu ni ya matukio.

Kisha kamera zikaingia, na picha zikataka njia pana. Magari yakageukia Itheneti, iliyobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox, California, mwaka 1973. Mwaka 2015 chama cha wahandisi cha IEEE kilipitisha kiwango cha Itheneti ya magari ya megabiti 100 kwa sekunde kwa jozi moja ya waya. Itheneti ya awali iliruhusu ujumbe kugongana, kisha kila mmoja kungoja kwa muda wa kubahatisha. Hapo hapakuwa na kikomo chochote. Swichi ziliondoa migongano, zikaleta foleni.

Ni katika foleni hizo ambapo kasi huonyesha udhaifu wake. Ujumbe mrefu kabisa wa kawaida wa Itheneti, pamoja na viambatisho vyake vyote na nafasi ya kuutenga na wa nyuma yake, huchukua baiti 1,542, yaani biti 12,336. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, utapita kwa mikrosekunde 123. Ujumbe mrefu kabisa wa CAN tuliouona, kwa megabiti 1 kwa sekunde, hupita kwa mikrosekunde 135. Njia ni ya haraka mara mia, na anayengoja nyuma ya ujumbe mmoja mrefu angoja karibu muda ule ule. Tena katika Itheneti aweza kungoja hivyo kwenye kila swichi anayoipitia. Mwalimu akitaka wanafunzi wake waache kuchanganya kasi na ukawio, mfano huu watosha somo zima.

Dawa iliyotolewa inarudi kwenye zamu. Katika kiwango kilichopitishwa na IEEE mwaka 2015, kila foleni ya swichi hupewa lango, na malango hufunguliwa na kufungwa kwa ratiba, saa zote zikiwa zimelinganishwa. Kabla ya dakika ya ujumbe wa breki, lango la picha hufungwa ili njia iwe tupu. Watu wa Dar es Salaam wanalo jambo linalofanana nalo. Mabasi yaliyoanza kazi huko mwaka 2016 yaliitwa mwendokasi, lakini kilichoyatofautisha na mengine si injini, bali ni njia iliyotengwa ambamo foleni ya magari mengine haiingii. Jina limesifu kasi. Sifa ni ya njia. Tofauti ni kwamba lango la swichi hutenga muda, si mahali. Mwaka 2016 uliongezwa utaratibu wa kumsimamisha mrefu katikati ili wa dharura apite, kisha mabaki yaendelee. Huu twauita "ukatizaji", na ndio hasa uliokosekana katika kisa cha A, B na C.

Limebaki jambo moja la sarufi. Kabla ya malango hayo, Itheneti ya sauti na picha ilikuwa na daraja la ujumbe lililoahidiwa ukawio usiozidi milisekunde 2 katika kupita viungo 7. Ahadi hiyo ilikuwa na sharti: kila anayepeleka awe ametangaza mapema kiasi atakachopeleka, nacho kisizidi sehemu iliyotengwa. Ahadi zote za ukawio ni za namna hiyo. Mfasiri aliyechoka huelekea kuyaacha maneno ya sharti, kwa kuwa huja mwishoni mwa sentensi ndefu na huonekana kama pambo. Sentensi yetu ya mwanzo, kwa hiyo, ilisahihishwa hivi: "Ukawio wa ujumbe katika mtandao huu hauzidi milisekunde 2, mradi wapelekaji wasizidishe kiasi walichokitangaza." Imekuwa ndefu mara tatu, na mchapaji alilalamika.